Pete ya Mama Mkwe Ilipogoma Kidoleni Mwangu

Naomba niseme jambo lenyewe mwanzoni kabisa, ili mnaotaka kucheka mcheke mmalize halafu tuendelee: pete ya jubilei ya mama mkwe wangu ilibarikiwa na mchungaji ikiwa kidoleni mwangu mimi, nimepiga goti, baba mkwe amenishika mkono, kwaya inaimba. Picha ipo. Nilimwomba mpiga picha aifute, akasema hawezi, ndiyo picha bora aliyopiga siku ile, eti mwanga ulikaa vizuri.

Jina langu Atupele, ila hapa Iringa wengi wananiita Mama Glory. Siku za kazi nina kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua, na nikitoka hapo natengeneza vito nyumbani (si shanga, maana watu wakisikia vito wanadhani shanga, na sina ugomvi na shanga), natengeneza vito vyenyewe, vya fedha na mara moja moja vya dhahabu, kwenye chumba ambacho mwenye nyumba alikusudia kiwe stoo. Kuna meza, kuna tofali la kuchomea, mtungi mdogo wa gesi, tupa, msasa, koleo za kila aina, na Glory haruhusiwi kuvuka mlango. Kazi hii nilifundishwa na Mzee Nassoro, sonara wa kule Mbeya ambaye duka lake lilitazamana na nyumba tuliyopanga nilipokuwa binti, mzee mwenye asili ya pwani aliyezaliwa Mbeya na anayekijua Kinyakyusa kuliko mimi. Alinifundisha kulehemu, kupiga tupa, kung'arisha, na alinifundisha pia kwamba ukitaka kutengeneza pete unapima kidole cha mwenye pete, tena jioni, akiwa ametoka kufanya kazi, kidole kikiwa kimejaa. Hilo la mwisho alilirudia mara nyingi sana. Nilimsikia kila mara.

Sasa ili mwelewe ukubwa wa aibu hii lazima niwaeleze kuhusu baba mkwe. Mimi ni Mnyakyusa, na bibi yangu aliyenilea kule Rungwe alinifundisha kwamba mkamwana na baba mkwe hawasogeleani. Yeye enzi zake akisikia tu baba mkwe anakohoa njiani alikuwa anaingia kwenye migomba anachuchumaa mpaka mzee apite, na mzee akisimama kuongea na mtu, basi bibi anachuchumaa hukohuko hata nusu saa, mtoto mgongoni. Mimi nimesoma, nina simu kubwa, siingii kwenye migomba. Lakini mafunzo ya bibi hayatoki kirahisi, kwa hiyo miaka saba ya ndoa yangu sikuwahi kumpa baba mkwe mkono. Napiga goti mlangoni, namwamkia nikiwa natazama chini (viatu vyake navijua vyote), basi. Wahehe, watu wa mume wangu, hawana ukali huo, na mwaka wa kwanza mzee alimwita mume wangu, Festo, akamuuliza kwa siri kama kuna kitu amenikosea. Festo akamweleza. Tangu siku hiyo mzee akawa analinda mila ya watu wengine kuliko wenyewe, akinikuta sebuleni anasimama palepale mlangoni, "Kamwene mwanangu," nami "Kamwene baba," anageuka anaenda kukaa nje, hata kama kunanyesha. Ni bwana shamba mstaafu. Ukimpa maelekezo anayafuata mpaka mwisho.

Mwezi wa sita Festo alirudi kutoka kwao Ilula na bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na pete ya ndoa ya mama mkwe, vipande viwili, na hereni moja ya dhahabu isiyo na mwenzake.

"Mzee anasema uyeyushe vyote, ufanye pete moja mpya," Festo akaniambia. "Mwezi wa kumi wanatimiza miaka hamsini. Anataka amvishe mama kanisani. Na mama asijue."

Ile pete ya zamani ilikuwa imelika mpaka ikawa kama uzi. Mama mkwe ameuza nyanya kando ya barabara kuu pale Ilula karibu maisha yake yote, kupanga tenga, kubeba tenga, kukimbilia basi na ndoo kichwani, na dhahabu nayo inachoka. Ilikatika akiwa anafunga tenga. Festo anasema mama alikaa chini akalia, mtu ambaye mvua ya mawe ilipomaliza shamba zima aliuliza tu kama mbegu nyingine zipo.

Mzee ambaye sijawahi kumshika mkono alikuwa amenipa ndoa yake niiyeyushe.

Na hapa ndipo ulipo uamuzi wenyewe, mdogo kabisa. Kipimo. Pete ya zamani ilikuwa imevutika na kupinda, haisemi chochote. Ningeweza kumwomba wifi yangu Tumaini, anayekaa na mama, ampime kwa uzi akiwa amesinzia mchana, lakini Tumaini ukimpa siri anaibeba mpaka kwa jirani wa kwanza. Ningeweza kumpima mwenyewe, lakini ningesema napima nini? Basi Jumapili moja nilikuwa Ilula nimekaa na mama tunachambua maharage kwenye ungo mmoja, nikatazama mikono yake, nikatazama yangu, nikaona inafanana. Vidole virefu, rangi ileile, hata kucha. Nikasema, tatizo limekwisha, nitapima changu.

Nikakipima asubuhi moja ya mwezi wa saba, Iringa mjini, baridi ile ambayo ukiongea unatoa moshi. Wanaofanya kazi za vito wameshaelewa. Kwa wengine niseme tu kwamba kidole cha asubuhi ya baridi na kidole cha mchana wa joto ni vidole viwili tofauti.

Pete yenyewe, niseme ukweli, ilitoka vizuri. Niliyeyusha dhahabu kwenye kibakuli cha udongo mpaka ikajikusanya ikawa tone linalotetemeka kama kiini cha yai, nikaimwaga, nikaigonga, nikaivuta, nikaikunja, nikalehemu mahali pa kuungana mpaka huwezi kuona palipoungwa, nikapiga tupa na msasa wiki mbili nzima. Ndani nikachonga mwaka waliofunga ndoa. Nikaijaribu kidoleni, ikaingia kama imezaliwa pale, ikatoka bila taabu. Nikampigia Mzee Nassoro simu kumjulisha.

"Umempima jioni?" akauliza.

"Nimepima, mzee," nikasema. (Hakuuliza nimempima nani.)

Siku ya jubilei tuliamkia Ilula. Kumbukeni Ilula iko chini kuliko Iringa mjini, na mwezi wa kumi jua la pale halina utani. Mimi nilikuwa na kazi mbili: kusaidia jikoni asubuhi, na kupeleka pete mbele mchungaji akiita. Nyuma ya nyumba kulikuwa na masufuria ya pilau, ndoo za viazi, wanawake wa usharika wanakata vitunguu na kubishana. Nikasema kabla sijaingia kwenye moshi acha niitazame pete mara ya mwisho. Nikaiona ina alama ndogo ya kidole. Sasa pete ukitaka kuing'arisha vizuri kwa kitambaa, ni rahisi ikiwa imevaliwa. Nikaivaa. Nikaing'arisha. Ikawaka. Na nilikuwa naunyoosha mkono kidogo kuitazama kwenye jua (mnisamehe, ni kazi ya mikono yangu) wifi Tumaini akapiga kelele, "Mama Glory! Njoo ushike huku, pilau linaungua!"

Nikaenda nikashika. Sufuria lile mnalishika watu wawili, mnalitoa motoni, halafu nikashika lingine, halafu nikaambiwa nimenye viazi ndoo moja tu, halafu nikakoroga. Saa moja na nusu. Nilipokumbuka pete, kidole kilikuwa kimevimba kama soseji na pete imekaa katikati yake kwa utulivu.

Nikajifungia bafuni. Nikajaribu sabuni ya mche, haikutoka. Nikajaribu mafuta ya alizeti, haikutoka, ila gauni langu la sare lilipata doa. Nikavuta, nikazungusha, nikaning'iniza mkono juu ya kichwa kama mwanafunzi anayejua jibu. Kila nilivyovuta ndivyo kilivyozidi kujaa. Nikamwita Festo dirishani.

"Imegoma," nikamwambia.

"Nini?"

Nikamtolea mkono dirishani. Akautazama.

"Si tukate?"

"Kidole?"

"Pete."

"Festo, ile ya kwanza ilikatika mama akalia. Leo nimletee ya pili imekatwa?"

Akafikiri. Mume wangu ni mtu mwema, lakini mawazo yake huja moja moja. Mwishowe akaenda dukani akarudi na chupa ya soda ya baridi. "Shika hii," akasema, "kidole kitanywea."

Lilikuwa wazo zuri, na nataka lihesabike hivyo. Niliingia kanisani nimeshika soda kwa mkono wa kushoto, nimeifunika na kitenge, nimekaa benchi la pili, na naapa nilianza kuhisi pete inalegea. Mahubiri yalipofika katikati mzee wa kanisa mmoja akaja akiinama, akaninong'oneza, "Mama, soda hairuhusiwi ndani." Nikamwambia siinywi. Akasema ndiyo, lakini hairuhusiwi. Nikamwambia naishika tu, ni kwa ajili ya kidole. Akanitazama kwa huruma, akaichukua, akaenda nayo. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka watu wanachungulia madirishani, joto likapanda, na kidole kikarudi kilipokuwa.

Halafu mchungaji akasema, "Aliyebeba pete aje mbele."

Nikaenda. Sikuwa na mpango. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele, amevaa gauni la rangi ya dhahabu, na macho yake yalifunguka aliposikia neno pete, maana hakujua lolote, na mzee amesimama pembeni yake na suti yake ya kijivu, anatabasamu kama mtu ambaye mpango wake wa miezi minne umefaulu. Nikamsogelea mchungaji karibu kabisa, nikamnong'oneza sikioni, "Mchungaji, haitoki."

Mchungaji alikuwa amebandika maiki kwenye joho. Spika zote nne zikasema, "MCHUNGAJI, HAITOKI."

"Nini haitoki?" mchungaji akauliza, naye kupitia spika.

Hapo kulikuwa hakuna tena cha kunong'ona. Nikainua mkono. Kanisa zima likaona.

Ni mtu mzima yule mchungaji, amezika na kuozesha nusu ya Ilula, haoni jambo la kumshtua. Akavua miwani, akakikagua kidole, akavaa miwani. "Haidhuru," akasema. "Tutaibariki hapohapo ilipo, itatoka baadaye. Baba, shika pete, useme maneno yako."

Baba mkwe akanitazama, nami kwa mara ya kwanza katika miaka saba nikamtazama usoni. Nikaona jasho linamtoka. Mila ya kwetu alikuwa ameilinda kwa uaminifu wote ule, na sasa maelekezo yalikuwa yametolewa na mchungaji, na nimeshawaambia kuhusu mzee na maelekezo. Akanyoosha vidole viwili akaishika pete. Kwa kuwa pete ilikuwa kidoleni, kidole kikashikwa. Na mimi, wallahi sijui ni nini kilinipata, nafikiri ni bibi yangu, mzee aliponigusa tu magoti yakakunjika yenyewe. Nikapiga goti.

Basi tukawa hivyo. Mzee amenishika mkono, mimi nimepiga goti mbele yake, mchungaji ameinua mkono juu yetu, na mzee anasema huku anatazama dari, "Pokea pete hii, iwe ishara ya upendo wangu kama siku ya kwanza, mpaka Mungu atakapotutenganisha." Kwaya, ambao walikuwa nyuma ya nguzo hawaoni vizuri, wakasikia maneno waliyoambiwa wayasubiri, wakalipua wimbo. Kigelegele kikapigwa. Kamera ikamulika.

Na katikati ya wimbo, kwenye mlango wa nyuma, akaingia shangazi yake Festo, ametoka Kilolo, gari lilimharibikia njiani, hajui lolote. Akasimama akatazama mbele. Mama mkwe alikuwa amefunikwa na joho la mchungaji, haonekani. Shangazi akashika kifua, akasema kwa sauti yake ya shambani ambayo haihitaji spika:

"Jamani! Mama Festo amefariki lini?"

Wimbo ukakatika. Mchungaji akageuka. Na hapo mama mkwe akainuka.

Nilitamani paa linidondokee. Nilikuwa nimemharibia siku aliyoisubiri miaka hamsini, na nilijua kwamba kama akilia safari hii, mimi ndiye niliyemliza. Alikuja polepole, akamtoa mzee mkono kwa upole kama mtu anayeondoa jani kwenye nguo, akauchukua wangu, akaugeuza. Akaikagua pete. Akaikagua kabisa, akainamisha kichwa.

"Hii ni ile yangu?" akauliza.

"Ndiyo mama. Na ile hereni."

"Umetengeneza wewe."

"Ndiyo mama. Nisamehe mama."

"Simama. Acha kulia, unazidi kuvimba."

Akang'oa uzi mrefu kwenye pindo la kitenge chake, akachomoa chupio kwenye nywele, na kwa chupio akaupenyeza uzi chini ya pete. Halafu akaanza kukizungushia kidole changu ule uzi, kuanzia kwenye pete kwenda juu, mzunguko baada ya mzunguko, umebana sana, ameuma meno, vilevile anavyofunga tenga la nyanya la kwenda Dar. Mchungaji alikuwa ameshika ncha moja ya uzi. Mama akasema, "Tazama kule," nikatazama kule, akauvuta uzi kutoka chini, unafunguka mzunguko mmoja mmoja, na pete inapanda nao, inapanda, ikafika kwenye kifundo, nikapiga yowe (spika nne), ikatoka.

Kanisa zima lilipiga makofi. Mzee wa kanisa aliyechukua soda alipiga makofi.

Baba mkwe akaichukua pete, akamshika mkewe mkono, akaanza maneno upya kabisa, "Pokea pete hii," na safari hii hakutazama dari. Akaivisha. Ikaenda mpaka kwenye kifundo cha kidole cha mama, ikasimama.

Mikono yetu haifanani. Vidole vinafanana kwa mbali, lakini vifundo vya mama ni vya mtu aliyebeba matenga miaka hamsini, na vyangu ni vya mtu anayetoa kopi. Mzee akasukuma kidogo. Mama akamzuia kwa jicho, akaivua mwenyewe, akaivaa kidole cha mwisho, akamgeukia mchungaji, "Endelea baba, wali utapoa."

Wakati wa sherehe watu wote walikuwa chini ya turubai, mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Viazi vilikuwa vimeshapikwa vyote vya kutosha, lakini nilikuwa namenya. Nikaona viatu vyeusi vya kamba vimesimama mlangoni. Nikaanza kupiga goti.

"Usipige," baba mkwe akasema.

Nikabaki katikati, si kusimama si kupiga goti.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimekuheshimu ulivyotaka, na ningeendelea. Lakini leo nimekushika mkono mbele ya mchungaji na watu wote wale, na nimekwambia maneno ambayo hata mama yako, kabla ya leo, nilikuwa nimemwambia mara moja tu. Naona tukiendelea kusalimiana kutoka mlangoni, watu watatuona hatuna akili."

Akaingia. Akanyoosha mkono. Nikafuta wangu kwenye kanga, nikampa. Ulikuwa mkono mkavu, mzito, na alikuwa mwangalifu asiguse kidole kilichoumia.

"Kinauma?"

"Kidogo, baba."

"Pole." Akauachia mkono. "Pete ni nzuri sana." Halafu akatoka, akaenda kukaa na wageni wake, na mimi nikamalizia viazi ambavyo hakuna aliyevila.

Wiki iliyofuata nilimwambia mama aniletee pete mjini niipanue, ni kazi ya dakika kumi. Akakataa. Akasema pete haitoki Ilula bila yeye, na yeye ana nyanya za kuuza. Kwa hiyo nilipakia mtungi wa gesi, nyundo, tofali na chuma cha kupimia pete, nikaenda nikafanya kazi barazani kwake, jioni, baada ya kumpima kidole mara tatu, majirani wakiwa wamekaa kutazama kama wanatazama mpira. Ikaingia. Mama akaizungusha mara moja, akarudi kupanga nyanya.

Mimi sasa pete ya mtu siivai, hata sekunde, hata iwe na alama ya kidole, hata mwenyewe aniombe niivae aone inavyokaa. Nikihitaji kuing'arisha naenda sokoni nanunua karoti moja iliyonyooka, naichonga, naivisha pete. Karoti haivimbi. Na haina baba mkwe.